Kibali cha Kupiga Msasa Ubavu wa Kushoto

Kwa miaka ishirini na moja Filipo Mwegoha aliandika namba kwenye mabehewa ya mizigo pale stesheni ya Kilosa. Aliziandika kwa brashi, bila rula, na wenzake walizoea kumwona amesimama hatua kumi nyuma ya behewa, amefumba jicho moja, akiitazama nane yake kama anayetazama mchumba. Alikuwa Mkaguru wa milimani, mtu wa kanisani, mpole, na hakuwahi kujulikana kwa jambo lolote la ajabu hadi sinema ilipokuja.

Ilikuja kwa gari mwaka 1971, ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe nyuma ya klabu ya wafanyakazi wa reli. Ilihusu watu waliosafiri kati ya nyota. Wengi waliicheka, wengine wakaondoka kabla haijafika katikati. Filipo alibaki hadi shuka likaanuliwa. Kilichomkalisha ni bastola aliyoishika nahodha, ndogo, ya mkono mmoja, yenye kutoa mwale mwekundu. Tena ilikuwa imechakaa. Kingo zake zilikuwa zimelika, na mahali pa kidole gumba rangi ilikuwa imetoka.

"Yule aliyeitengeneza alitaka tuamini kwamba imeshikwa miaka mingi," alimwambia mkewe, Lea, aliporudi nyumbani.

Lea alimuuliza kama ameshakula.

Mwaka uliofuata mhandisi mmoja Mwingereza alimaliza mkataba wake, akagawa vitu vya nyumbani kwake. Watu walichukua viti, chandarua, jiko la mafuta ya taa. Filipo alichukua boksi. Ndani yake mlikuwa na bastola ya anga ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe, ambayo mtoto wa mhandisi aliianza akaichoka. Vipande viwili vya ubavu vilikuwa vimegandishwa vikapishana, gundi imechuruzika kama kamasi, na mtutu ulikuwa mfupi.

"Mfupi mno," Filipo alisema, akiuonyesha kwa kidole. "Kwenye sinema ulifika hapa."

"Kiti kimoja tu, Baba Regina," alisema Lea. "Ungechukua hata kiti kimoja."

Boksi lilikaa juu ya kabati miaka miwili. Kisha Filipo akastaafu, na mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, yeye na Lea walipangiwa Jitegemee, kijiji kipya kando ya njia ya reli iendayo Mikumi. Kwenye lori Filipo alipakata boksi. Vyungu vilipakatana vyenyewe, na viwili vilivunjika.

Jitegemee palikuwa na nyumba za safu, shamba la mahindi la kijiji, na jioni ndefu. Hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Filipo alitenganisha zile mbavu mbili kwa kisu cha moto, akaziunga upya. Duka la kijiji halikuwa na karatasi ya msasa, kwa hiyo alitumia majani ya mti wa msasa wenyewe, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mtutu aliurefusha kwa bomba la pampu ya dawa ya mbu. Nyufa alizijaza kwa chokaa iliyokandwa na mafuta ya kitani, akasugua, akajaza, akasugua tena. Mbele aliweka kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli, na nyuma yake balbu ya tochi. Tumboni alitia mashine ya saa ya kengele iliyokufa, ili ukivuta kifyatulio itoe sauti: krrrrr.

Mwisho akaipaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye kopo tangu walipopaka tangi la maji la stesheni, mikono minne, tabaka juu ya tabaka. Iling'aa kiasi kwamba Lea mwenyewe alikuja kuitazama.

"Sasa hii ni nzuri," alikiri.

Siku iliyofuata alimkuta mumewe akiikwaruza kwa msumari.

"Unafanya nini?"

"Naichakaza."

"Umeipaka rangi wiki mbili nzima ili uichakaze?"

"Ikiwa mpya inaonekana ya uongo, Mama Regina."

Alikwaruza kingo na mahali pa kidole gumba, akasugua unga wa risasi ya penseli kwenye ncha, akapitisha masizi ya sufuria kwenye mifereji, akafuta kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja. Ilibaki kasoro moja tu. Ubavu wa kushoto, ambapo vipande viwili vilikutana, palionekana mstari mwembamba kama unywele. Filipo alikusudia kuushughulikia wiki ijayo.

Lakini wiki iliyofuata yakaanza mafunzo ya mgambo.

Mkufunzi alikuwa Kondo, koplo mstaafu kutoka bondeni, mwenye umri wa miaka thelathini na tano na sauti ya mtu wa sabini. Kwa kuwa bunduki za kweli hazikuwapo, kila mwanakijiji aliambiwa aje na ya mbao aliyochonga mwenyewe. Filipo, mwenye miaka hamsini na minne, hakuwa na ya mbao. Aliona si vibaya kubeba ile aliyonayo.

"Shikamoo, mzee," Kondo alimwamkia, kama adabu inavyotaka.

"Marahaba, mwanangu."

"Mgambo Filipo!" Kondo akapaza sauti papo hapo. "Hiyo ni nini?"

"Bastola ya anga, afande."

Kondo aliichukua, akaigeuzageuza. Aliona mikwaruzo, na kidole gumba chake kikaangukia pale pale palipotoka rangi. Uso ukambadilika.

"Hii imeshapigana," alisema taratibu.

"Hapana, afande. Nimeikwaruza kwa msumari."

Kondo alimtazama kwa jicho la mtu anayejua kutunza siri. "Sawa, mzee. Sijauliza kitu." Akamrudishia kwa mikono miwili.

Amri zilipotolewa tabu ikaanza. "Bega... silaha!" Watu arobaini walitupa mbao zao mabegani. Filipo aliiweka yake juu ya bega, ikakaa hapo kama njiwa. "Mbele... tembea!" Ikaanguka, ikalia krrrrr, na safu nzima ikalala chini bila kuamriwa. Kondo aliwasifu kwa wepesi wao. Jioni ile aliandika taarifa kwenda wilayani Kilosa: kikosi cha Jitegemee kina bunduki arobaini za mbao, na moja ya miale.

Mwezi wa tano, mahindi yalipokaribia kukauka, tembo alitoka upande wa mbuga ya Mikumi akaingia shamba la kijiji, saa mbili asubuhi, bila haraka, kama anayeingia kwake. Siku zote watu walipiga madebe. Safari hii Kondo alipuliza filimbi, akapanga kikosi kwenye tuta, bunduki za mbao zimeelekezwa, Filipo mbele peke yake.

"Fyatua!"

"Koplo, hii ni balbu ya tochi."

"Nasema fyatua!"

Filipo alivuta. Mwanga haukuonekana kabisa, maana jua lilikuwa kali. Ila ile saa ya kengele ililia krrrrr, nyembamba, mfululizo. Tembo aliinua kichwa. Alitega masikio. Alitafuna alichokuwa nacho mdomoni, akang'oa bua moja la njiani, kisha akageuka akavuka reli na kwenda zake.

"Ameshiba," Filipo alisema.

Hakuna aliyemsikia. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, na Kondo alikuwa amevua kofia analia.

Tangu siku hiyo Filipo hakupata amani. Joha, mke wa jirani, alileta gunia la maharagwe lililoingiwa na wadudu akaomba limulikwe. Mzee mmoja alitaka amulikwe goti. Kijiji cha ng'ambo ya mto kiliandika barua kuomba kuazima silaha hiyo kwa siku tatu, na kuahidi kuirudisha ikiwa imejazwa. Filipo alimweleza kila mtu ukweli: ni plastiki, chokaa, pampu ya mbu. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa heshima. Mtu mwenye kitu cha uongo, walisema, angekisifu.

Kamati ya kijiji ilikaa, ikaamua kwamba chombo hicho sasa ni mali ya kijiji na hakifai kulala bila ulinzi. Walinzi wawili wenye bunduki za mbao wakawekwa mlangoni kwa Filipo, zamu usiku na mchana, na Lea akawa anawapikia uji. Bastola ilikaa juu ya kigoda katikati ya chumba, imefunikwa kitambaa cha meza.

Filipo angeyavumilia hayo yote. Ila mwezi wa sita joto la jiko la uji wa walinzi liliifungua chokaa, na ule mstari wa ubavu wa kushoto ukapanuka. Sasa haukuwa unywele tena, ulikuwa uzi. Aliuona kila alipokula. Siku moja alichukua jani la msasa akanyoosha mkono, na mlinzi, kijana wa watu mwenye aibu, akamzuia.

"Samahani sana, mzee. Silaha ya kijiji haiguswi bila kibali."

"Nimeitengeneza mimi!"

"Ndiyo, mzee. Afande amesema hasa wewe usiiguse, maana ndiwe unayejua kuifungua."

Siku ya tatu baada ya hapo Filipo alichukua kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake wa mabehewa, herufi zote zimesimama wima: *Kwa Mkuu wa Wilaya, Kilosa. Ndugu, naomba kibali cha kupiga msasa ubavu wa kushoto.* Hakueleza ubavu wa nini. Aliona iko wazi.

Baada ya wiki tatu alishuka kwenye treni ya Mikumi mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mkoba wa turubai na viatu vya kazi. Aliitwa Bibiana. Ofisini walikuwa wameisoma barua wakashindwa kuamua ni ya idara ya afya, ya ulinzi au ya misitu, wakamtuma yeye wa elimu kwa kuwa alikuwa hana safari wiki hiyo.

Kondo alimpokea kwa gwaride. Alimsimulia habari za tembo, mara mbili. Kisha wakaingia kwa Filipo, mlinzi akafunua kitambaa.

"Shikamoo, mzee," Bibiana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Bibiana aliinama, akaitazama bastola muda mrefu. Hakuishika mara moja. Alizunguka kigoda, akasimama upande wa kushoto, akapitisha ukucha kwenye ule mstari.

"Hapa ulijaza na nini?"

Tangu siku ya tembo watu walikuwa wamemuuliza Filipo inaua umbali gani tu.

"Chokaa na mafuta ya kitani."

"Ndiyo maana imepasuka. Chokaa haishikani na plastiki, hasa kwenye joto. Mimi natengeneza zana za kufundishia, mzee. Mafuvu, moyo wa binadamu, ramani za milima. Uliichanja kwanza, kabla ya kujaza?"

"Sikuichanja," Filipo alikiri, kama yuko kanisani.

"Ungeichanja. Na kuchakaza huku, umetumia penseli?"

"Unga wa penseli. Na masizi."

"Masizi!" Bibiana aligeuka kumtazama Lea kana kwamba wote watatu wamepata bahati. "Mimi huwa natumia kahawa, nayo huingia wadudu."

Walikaa chini mkekani, wakazungumza hadi chai ikaletwa mara ya pili. Kondo alisimama mlangoni, akielewa kwamba haya ni mahojiano ya kitaalamu. Filipo alieleza mikono minne ya rangi ya fedha, mtutu, pembe ya kifyatulio, kosa la kisu cha moto kilichokula ukingo wa ubavu. Lea alisikiliza pia. Alikuwa ameishi na kitu kile miaka mitatu, na ndiyo kwanza alijua kwamba kilikuwa na pembe.

Mwishowe Filipo alishusha sauti. "Mwanangu, hii si silaha. Wanakijiji hawataki kuniamini."

"Najua, mzee. Ila nikitoka hapo nje nikasema tembo alikuwa ameshiba, yule koplo atafanyaje?"

Wote wawili wakamtazama Kondo, aliyekuwa amekaza kifua hadi kifungo kinaomba msaada.

Bibiana alitoka uani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya ofisi. Alisema silaha imekaguliwa, na imeonekana kwamba miale yake imekwisha katika utumishi wa taifa. Hivyo inastaafishwa kwa heshima, inarudishwa kwa mwenyewe, na fundi anapewa kibali cha kupiga msasa ubavu wa kushoto na, ikibidi, wa kulia.

Kondo alipiga saluti. Walinzi walikabidhi mlango. Joha akauliza kama iliyostaafu inaweza bado kumulika maharagwe kidogo, akajibiwa kwamba haiwezi.

Filipo alifanya kazi siku kumi na moja. Alichanja kwanza. Badala ya chokaa alijaza kwa plastiki ya kitana iliyoyeyushwa, jambo alilofundishwa mkekani, na kitana kilikuwa cha Lea, aliyekitoa bila kuombwa mara ya pili. Alipomaliza alimwita mkewe, akampa bastola akiwa amefumba macho yeye mwenyewe, asiuone uso wa Lea.

"Upande upi ulikuwa na mstari?" Lea aliuliza baada ya kuigeuza sana.

Filipo alitoka nje akasimama uani, akitabasamu peke yake.

Tembo alirudi mwezi wa saba, akala robo ya ghala la mahindi la kijiji. Kikosi kilipangwa, mbao arobaini zikaelekezwa, tembo akaendelea kula. Kondo alimwona Filipo amefika mikono mitupu, akamwambia kwa upole, mbele ya watu wote, "Mzee, yako imestaafu. Nenda ukapumzike."

"Nitapiga debe," Filipo alisema, akachukua moja, akasimama katika safu ya wanawake karibu na Lea, akaanza kupiga.