Mwamba Alioupaka Mama

Mama yangu amelima tumbaku kijijini Goweko maisha yake yote, na alikuwa hajawahi kuona ziwa. Mimi naishi Isevya na kazi yangu ni kuchora. Mwaka juzi nilipotaka kwenda Kigoma kuchora ufuko wa ziwa Tanganyika, nilimwomba anisindikize. Alichemsha viazi vya njiani, tukapanda treni.

Tulipofika ufukweni alitua bakuli la viazi. Kisha akavua viatu, akakunja kitenge, akaingia majini hadi magotini, akicheka peke yake. Nikamwacha afurahi. Nilitandaza kitambaa changu cha kuchorea juu ya jiwe bapa, nikaanza kuchora mwamba mwekundu ulioinuka kando ya maji, matabaka yake yamelala mshazari.

Alipotoka majini alikuja kutazama.

"Jiwe lako limesimama tu," akasema.

"Kwani jiwe hufanya nini, mama?"

"Hili," akauonyesha mwamba wenyewe, "lilikunjwa. Tazama hapa. Na huku chini maji yanalila. Wewe umechora ukuta."

Iliniuma kidogo, maana nilikuwa nimehangaika asubuhi nzima. Lakini nilipotazama tena nikaona kweli. Nyumba zote tulizokulia alizikandika yeye kwa mikono yake. Anajua udongo unavyoteleza na unavyopasuka ukikauka.

"Ungefanyaje wewe?" nikamuuliza.

Alichota udongo uliomeguka chini ya mwamba, akauponda, akaukoroga na maji kwenye bakuli la viazi. Nikatia gundi ili ushike. Akaupaka kwenye picha kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, bila haraka, hapa akijaza, pale akikwangua kwa kucha. Mwamba ukaanza kupinda mbele ya macho yangu.

Ghafla wimbi likapiga jiwe, maji yakarukia picha. Nikakimbilia kitambaa.

"Acha," mama akasema. "Si ndilo lililouchonga mwamba?"

Tukaacha. Maji yalipotiririka yalifungua vifereji vyembamba kwenye udongo, sawasawa na vile vya mwamba wenyewe. Tulicheka hadi mama akakaa chini.

Tangu hapo nachora kwa udongo, na mama ndiye anayenitafutia. Majuzi alinipigia simu: jirani anachimba kisima, umetoka udongo wa rangi ya maini, niwahi na ndoo kabla hawajausambaza barabarani.