Mwenye Mita

Sefania alivuta vumbi la mbao ujana wake wote kule kiwandani, na uzeeni mapafu yakamgomea. Hospitali ilimwazima mashine ya oksijeni akae nayo nyumbani Magamba, mrija puani. Mkewe Efrazia akawa mlinzi wa mashine hiyo. Ikinguruma, anapalilia kabichi zake kwa amani. Ikinyamaza, anatupa jembe na kukimbia.

Mashine ile ilikula umeme mchana na usiku. Basi shirika la umeme, ambalo ni mali ya umma, yaani mali ya Efrazia pia, likawatoa kwenye bei nafuu ya wenye matumizi madogo na kuwapandisha daraja la juu. Hakuna mtu aliyekaa akaamua. Ni mfumo, waliambiwa. Uniti zikizidi, mfumo unakupandisha wenyewe. Mfumo haukuuliza uniti zinakwenda wapi. Efrazia aliuza mbuzi, kisha akaanza kuuza kabichi zikiwa bado changa shambani.

Sefania naye akazua ubishi wake. Mke akitoka tu, anazima mashine, eti ipumzike. Efrazia akirudi humkuta midomo imekuwa kama ya mla zambarau, akamgombeza huku analia.

Kwa hiyo wakubwa wa shirika walipotangaza kwamba watafika Soni kusikiliza kero za wateja, Efrazia alidamka. Alimwomba jirani yake, Mwanaheri, amchungulie mzee, akaahidi kurudi kabla ya adhuhuri.

Mkubwa aliyesikiliza kero alikuwa kijana mpole, haki yake apewe. Alimwamkia shikamoo mbele ya watu wote, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jina la mwenye mita ili aitafute kwenye kompyuta. Hapo ndipo palipoharibika. Mita iliandikishwa kwa jina la baba mkwe wake, marehemu, na Efrazia hakuwahi kulitamka jina hilo tangu aolewe. Ndivyo alivyolelewa: mkwe hatajwi jina, awe hai au awe kaburini.

"Ni ya baba," akasema.

"Baba yupi, mama? Anaitwa nani?"

Efrazia akainama, akaivuta kanga yake mabegani. Wanawake wa rika lake walielewa, vijana wakacheka. Mkubwa akadhani mama huyu hana uhakika hata na mita yenyewe. Akamwomba akae pembeni, watamalizana naye mwishoni, au siku nyingine mwenye mita aje mwenyewe.

Akakaa. Adhuhuri ikampita. Watu walilalamikia nguzo zilizooza na umeme unaokatika kila mvua ikinyesha, na kila lalamiko lilijibiwa kwamba limepokelewa. Kupokea walijua sana. Jua lilikuwa limeshaelekea nyuma ya milima alipoitwa tena, na safari hii Efrazia aliomba kalamu, akaliandika jina lililomshinda kulisema. Kijana alitikisa kichwa, akamuuliza mbona hakufanya hivyo tangu asubuhi, kisha akaipata mita na kumwambia lalamiko lake limepokelewa.

Alipanda kurudi Magamba akiwa na matumaini. Mlangoni alimkuta Mwanaheri amejishika kichwa. Mchana alikuwa amemwona mzee mzima kabisa, mashine inanguruma, na mzee mwenyewe akamwambia aende zake akapike. Alipotoka, Sefania alinyoosha mkono akaizima, kwa kuwa mke amechelewa na uniti zilikuwa zinaelekea kwisha. Mwanaheri aliporudi alimkuta amekaa vilevile, mrija puani.

Efrazia alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakulaumu shirika wala mfumo. Aliulaumu ulimi wake, na hilo ndilo linalouma kuliko yote, maana waliostahili lawama walikuwa wamelala usingizi wao mzuri.

Matanga yalipokwisha, simu iliita. Binti wa shirika alimwamkia kwa adabu, akampa habari njema: mita yao imerudishwa kwenye bei nafuu, kwa kuwa matumizi yamepungua, na lalamiko lao sasa limefungwa. Akauliza kama wameridhika na huduma.

"Tumeridhika, mwanangu," Efrazia akajibu. "Umeme sasa unatosha. Aliyekuwa anautumia tumemzika."