Jezi Isiyoguswa na Maji

Mama Kefa alikuwa amefua jezi za timu ya chuo kwa miaka minane, na katika miaka yote hiyo ni nguo moja tu iliyomshinda. Haikumshinda kwa uchafu. Mwanamke aliyekulia Buigiri, akachota maji kisimani kabla hajajua kusoma, hatishwi na uchafu. Ilimshinda kwa sababu alikatazwa kuifua.

Ilikuwa jezi namba kumi ya Gaudence, kijana waliyemwita Fundi. Na fundi alikuwa kweli. Hata Mama Kefa, ambaye mpira aliujua kwa madoa yake tu, siku moja alisimama na beseni kichwani akimtazama anavyowapita watu wanne kana kwamba ni nguzo za shamba la zabibu. Mwaka wake wa pili pale chuoni Fundi aliwaletea kombe. Mwaka huohuo akaja na jezi yake ndani ya mfuko wa plastiki, kaufunga mafundo mawili.

"Shikamoo, mama. Hii usiifue."

"Marahaba. Nisiifue mpaka lini, mwanangu?"

"Usiifue kabisa. Ikiguswa na maji nyota inazimika. Ndivyo alivyosema mtaalamu."

Mtaalamu ni nani, hakuuliza. Aliomba kimoyomoyo, kisha akaenda kwa Mwalimu Masudi wa michezo. Mwalimu akacheka, akasema, "Waache vijana na imani yao, Mama Kefa. Si kombe limekuja?" Basi mfuko ukatundikwa kwenye msumari stoo.

Kila siku ya mechi Fundi aliichukua. Wachezaji walisimama duara nyuma ya madarasa, wakafumba macho, na ile jezi ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akijipangusa nayo uso mzima. Waliita kupokea nyota. Mama Kefa aliliona jambo hilo mara ya kwanza akiwa kambani anaanua nguo. Kola ya jezi ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Makwapa yamekauka yakawa magumu kama ngozi ya mbuzi, na harufu yake ilikuwa ya mlenda uliochacha siku tatu. Nao wanaifikicha machoni! Watu wanaosomea ualimu!

Juni, Fundi alihitimu, akiwa na kombe la pili. Siku ya kuagwa alisimama mbele ya watu akasema jezi anaiacha iwe urithi wa chuo. Atakayevaa namba kumi aivae ileile, na isifuliwe. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mama Kefa hakupiga hata kofi moja.

Namba kumi mpya alikuwa Daudi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Kibakwe, kijana mpole ambaye hakuweza kumwona Mama Kefa na madumu ya maji bila kumpokea. Duara likaendelea kila mechi kama zamani, lakini katika mechi nne timu ilifungwa tatu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na makao yake makuu yalikuwa kantini kwa Tabu, mama wa Kirangi aliyepika chapati na kusema chochote kilichomjia mdomoni.

Ijumaa moja mchana, kesho yake kuna mechi, Mama Kefa aliingia kunywa chai akawakuta wamepamba moto.

"Angekuwepo Fundi tungefungwa na wale?" alisema Obedi, kapteni. "Wale wale tuliowapiga tatu mwaka jana?"

"Tungefungwa vilevile, ila angenilaumu mimi," akajibu Hasani, golikipa. "Miaka miwili ananiita mlango wazi mbele ya watu. Obedi, yule alitufundisha jambo moja tu: ukipata mpira, mtafute Fundi. Sasa hayupo. Tunaupata mpira tunazubaa kama kondoo waliopotelewa na mchungaji. Hiyo ndiyo sifa?"

"Makombe mawili uliyaleta wewe?"

"Asiyekuwepo na lake halipo, kapteni."

"Lake lipo. Lipo stoo kwa Mama Kefa."

"Tena lipo sana," Tabu akadakia akigeuza chapati. "Upepo ukitokea huko wateja wangu wanahama."

"Mama Tabu, wewe mpira unaujua?" akauliza Obedi.

"Kunusa ninajua, baba."

Watu wakacheka. Mama Kefa hakucheka. Hamu ya chai ilishamtoka, maana mlangoni alikuwa amesimama Daudi, na macho ya Daudi yalikuwa mekundu kama nyanya, kope zimevimba, tongotongo za manjano zimeganda pembeni. Alimwamkia Mama Kefa huku akiupapasa mwimo wa mlango.

"Daudi, macho yamekuwaje?"

"Vumbi tu, mama."

"Vumbi gani la kutoa usaha?"

"Na mimi yalinianza hivyo," akasema mwingine kutoka meza ya nyuma. "Sasa yananiwasha tu." Mama Kefa akageuka, akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa wakijifikicha. Hata Obedi, katikati ya kumtetea Fundi, alikuwa akijifikicha.

Mama yake Mama Kefa alikufa kipofu. Ugonjwa wa vikope ulianza akiwa msichana, kwa kitambaa kimoja kilichopangusa nyuso za nyumba nzima. Ukaja ukaondoka, ukaja ukaondoka, mpaka kope zikageukia ndani, zikawa zinakwangua jicho kila anapopepesa. Miaka kumi na moja Mama Kefa alimshika mkono kumpeleka kanisani. Hakuhitaji daktari wa kumwambia kilichokuwa kikitundikwa kwenye msumari wake.

Akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kusema kantini, kwa hiyo wote walimgeukia.

"Mnabishana kama Fundi aliijenga timu au aliibomoa," alisema. "Mimi mpira siujui. Lakini niambieni: jezi ikimaliza kuzunguka, yeye alijipangusa?"

"Alianza yeye," akasema Obedi.

"Ulimwona?"

"Tulikuwa tumefumba macho, mama. Ndiyo sharti."

"Mimi sikufumba. Nilikuwa kambani naanua nguo. Aliishika kwa ncha za vidole, akawapa ninyi. Ikimrudia, alitoa kitaulo cheupe mfukoni, akajifuta uso na mikono, ndipo akaivaa. Kile kitaulo nilikifua mimi kila Jumamosi. Alitaka kichemshwe, kisha kipigwe pasi." Akamtazama Daudi pale mlangoni. "Nikamwona kijana nadhifu. Nikanyamaza. Mungu anisamehe."

Chapati ikaungua na Tabu hakuigeuza.

"Mbwa," akasema Hasani taratibu. Mama Kefa alipoinuka kwenda stoo, Obedi alimfuata mpaka mlangoni.

"Mama, tafadhali. Ukiifua halafu tukafungwa kesho, chuo kizima kitasema ni wewe."

"Kiseme."

"Na kazi yako?"

"Obedi, macho ya mwenzako yanaoza, wewe unaniuliza kazi?"

Aliitoa kwa kijiti, akaidumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka, pamoja na sabuni ya unga ya siku mbili. Povu lilikuja la kahawia, kisha likawa jeusi. Kwenye pindo la chini mshono ukaachia, kikaelea kifundo cha kitambaa cheusi kilichoshonewa ndani, kina nywele na mafuta ya sijui mnyama gani. Akageuka akatapika. Kifundo akakitupa motoni kwa kijiti kilekile. Mama Kefa hakuwahi kumwaga maji ya kufulia bure. Kwake yalidekia sakafu na kumwagilia mpapai. Yale aliyachimbia shimo, akayafukia.

Jumamosi asubuhi alipanda gari na Daudi kwenda hospitali ya Mvumi. Daktari aligeuza kope zake, akaandika dawa ya kupaka na vidonge, akasema amewahi, lakini wenzake wote waje. Timu ilicheza bila namba kumi. Ikafungwa mbili bila.

Jumatatu maneno yalikuwa yamekomaa. Mama Kefa kaizima nyota. Mwalimu Masudi, aliyeyaona macho ya vijana wake wiki nzima, alipita karibu naye akitazama simu. Kantini wengine walikuwa bado wanasema makombe ni makombe, kitaulo ni mambo ya wanawake, angekuwepo Fundi. Moyo ulimchafuka kuliko siku ya lile povu. Povu angalau lilimwagika.

Alikuwa akisuuza soksi Obedi alipokuja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alisema akitazama miguu yake: "Hospitali uliyompeleka Daudi... naomba unisindikize. Sioni barabara vizuri. Na wengine sita wanataka kuja, wanaona aibu kukwambia."

Alikuwa na la kumjibu, tena kali. Lilimfika ulimini. Akalimeza, akamsogezea dumu la maji safi na kipande cha sabuni.

"Nawa uso kwanza," alisema. "Kisha waite hao sita, kila mtu aje na taulo lake."