Aliyeipa Kamera Mgongo

Juzi nilikuwa studio Homa Bay, nikingoja kupigwa picha. Ukutani zimetundikwa picha za mji wa zamani: barabara ya vumbi, duka la mabati, ziwa likimeremeta kwa mbali.

Mama mmoja aliingia kutoka sokoni, akasogelea picha moja mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Huyu wa baiskeli ni marehemu mzee wangu, baba watoto," akasema. "Kigoda chake hicho, amekifunga nyuma. Hakukalia cha mtu mwingine."

"Lakini mama, huyu ni mgongo tu," mpiga picha akamwambia.

"Ndiye. Hakukubali kupigwa picha hata siku moja. Nitolee, nyathina, mwanangu."

Picha ikatolewa kwenye fremu. Mama akaigeuza polepole, amwone uso. Nyuma ilikuwa karatasi nyeupe.

Hakuna aliyecheka. Akaigeuza tena, akapangusa mabega ya mzee kwa ncha ya leso, kama anamtoa vumbi la safari.

Mimi kwenye picha zote hukaa upande, nifiche kovu la shavuni. Zamu yangu ilipofika, nilimpa mpiga picha uso mzima.