Mama Mkwe Mwenye Vikwembe Viwili

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana mtaa wetu mzima wa Katuba unalisimulia jambo hili na kila mtu anatia chumvi yake: ndiyo, mimi Kalenga, mtengenezaji wa filimu, bingwa wa Lubumbashi (nilijiita hivyo mwenyewe na sijaacha), nilisimama mbele ya ukumbi wa parokia uliojaa watu, nikaiga sauti ya mwanamke, na watu wakaniambia nimechelewa.

Filimu zetu mnazijua. Kijana anaoa, mama mkwe hamtaki bibi arusi, mama mkwe anatia dawa kwenye bukari (ugali wetu huo), bibi arusi anaugua, pasta anakuja anaomba, mama mkwe anaanguka chini anakiri, basi. Mwaka unaofuata tunabadilisha jina na nyumba, bukari inarudi mezani. Na mimi huyo huyo ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye ukumbi wa video nikiwacheka wale wa ng'ambo, kwamba kila mara ni jamaa yule yule anatembea polepole huku gari linalipuka nyuma yake na yeye hageuki, sehemu ya tano, sehemu ya sita, watazamaji wanasinzia mpaka gari lilipuke. Nilisema wale hawana ubunifu hata kidogo. Halafu nilikwenda nyumbani kuandika mama mkwe mwingine.

Mama mkwe wangu miaka yote ni Mama Ngalula. Ni mtu wa Kasai, mrefu, anauza sokoni samaki wakavu wanaotoka Kilwa yetu ya ziwani (si ile ya pwani), na ana macho ambayo akikukazia unakumbuka dhambi zako zote. Aliigiza uchawi vizuri mno, mpaka soko likaanza kuamini. Wateja wakawa wanapita mbali na meza yake, na wanawake wenye watoto wachanga wakimwona wanavuta kitambaa kufunika uso wa mtoto. Mwanzoni tulicheka, naye alicheka. Siku moja akaja kwangu, akakaa, akakataa hata maji.

"Papa Kalenga, miye nimechoka," akasema. "Ku soko bananiita Mama Mulozi. Hata mutoto wa jirani bananikatalia kumubeba. Mara hii unitoe mu bulozi, ao nitatoka mu filme yako."

Nikamwahidi kumtoa kwenye huo bulozi, yaani uchawi, na nilitimiza (nusu, mtaona). Tulikwenda Lukafu, kwenye shamba la binamu yangu, tukapiga picha za mwisho wa aina ambayo sikuwahi kuiandika maishani: pasta na kijana wa mama mkwe wanafika, wanakataa kula bukari yake, naye anakaa chini peke yake anaila mbele yao, tonge kwa tonge, halafu anasema maneno machache. Bibi arusi kumbe alikuwa na malaria tu. Siku ile ya kupiga picha, mimi ninayejulikana kwa moyo mgumu, niligeuka nikajifanya naangalia mawingu.

Sasa sikilizeni upumbavu ulipoanzia. Jumapili asubuhi, saa chache kabla ya kuonyesha filimu, nilikaa na kompyuta yangu na hofu ikaniingia: kuanguka kuko wapi? Watu wanakuja kwa ajili ya kuanguka. Nani atatoka nyumbani kwake na nguo nzuri kwenda kutazama mwanamke anakula? Basi nikaukata ule mwisho wa Lukafu, nikachukua kuanguka kwa mwaka jana nikabandika pale. Nilisema moyoni, mama mkwe ni yule yule, pasta ni yule yule, nani atajua. Chai yangu ilikuwa haijapoa. Sikurudia hata kutazama, maana mtu mwenye uzoefu wangu, niliona, hana haja ya kurudia.

Alasiri ukumbi ukajaa. Madirishani tulitundika mablanketi kuzuia jua, mlangoni wamama walikuwa wanauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na benchi la mbele kabisa alikaa Mama Ngalula na nguo zake za misa. Alikuwa amekuja na wenzake wa sokoni, wale wale waliokuwa wanamwogopa, na pembeni yake alikaa Mama Béa, anayeuza nyanya meza ya jirani, amempakata mtoto wake upande ule mwingine, mbali. Nikamsikia Mama Ngalula akimwambia, "Leo mutaniona muzuri." Nikajipa moyo kwamba akisikia makofi atanisamehe.

Filimu ikaanza. Watu walipiga miayo. Nyuma kulikuwa na mzee mmoja anatangulia kila kitu, "sasa atachungulia dirisha", na kweli Mama Ngalula anachungulia dirisha, "sasa atacheka peke", na kweli anacheka peke. Mimi nikachukulia kwamba huo ni upendo.

Ukafika mwisho niliobandika. Mama mkwe akafika mlangoni na kikwembe (kitenge) cha bluu, akaingia ndani ya nyumba na kikwembe cha manjano. Ukumbi ukaguna. Mtu akauliza alibadilisha wapi, mlango ni mmoja. Kisha kamera ikaenda kitandani, na aliyelala pale anaugua alikuwa bibi arusi wa mwaka jana, mwembamba, aliyeshaolewa kweli akahamia Kolwezi, wakati bibi arusi wetu wa mwaka huu, Bénie, mfupi na mnene, alikuwa amekaa humo ukumbini na mama yake. Bénie akasimama. "Ule haiko miye," akasema, na watu wakaanza kucheka. Halafu nikaona pasta anafungua mdomo, anafungua tena, na hakuna kitu kinachosikika. Picha niliibandika, sauti niliiacha nyumbani.

Ndipo nikasikia mtu wa benchi la nyuma akimsemea pasta. "Toka, pepo muchafu." Maneno yenyewe, sawasawa na midomo kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha. Upande wa wanawake wakaitikia, "Moto, ninaungua, moto." Kisha ukumbi mzima kwa pamoja, wakubwa na wadogo, kama watu wanaomwitikia padri: "Ninakubali, ni miye nilitia dawa mu bukari." Maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu, walikuwa nayo kichwani yote. Na hawakuwa na furaha, jamani, hapana. Walisema kama mtu anayerudia kitu alichoambiwa mpaka kikamchosha.

Mtu mwenye akili angechomoa waya. Mimi nikanyakua kipaza sauti, nikakimbia mbele, nikasimama katikati ya mwanga, picha ya mama mkwe inaangukia kwenye shati langu, nikaanza kumsemea kwa sauti nyembamba, "Ninakubali, ni miye..." Lakini hapo walikuwa wameshapita. Nikifika kwenye moto wao wako kwenye msamaha, nikifika kwenye msamaha wao wako kwenye aleluya. Yule mzee wa nyuma akasema kwa upole kabisa, akiniita mzee kwa Kifaransa, "Vieux, umechelewa." Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia.

Nikatazama benchi la mbele. Mama Ngalula hakuwa anacheka. Alinitazama tu, na pembeni yake Mama Béa alikuwa amesogea mpaka mwisho wa benchi na mtoto wake. Hapo ndipo niliona aibu yenyewe. Kuchekwa nimezoea, lakini huyu mama alileta watu wamwone, na mimi nikamwangusha tena mbele yao.

Akasimama. Akaja, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. "Zima ile," akaniambia, nikachomoa waya, na mtu akafunua blanketi moja dirishani. Akakaa chini, sakafuni, na nguo zake za misa, akanyoosha mkono kama anakata tonge kwenye sahani, akalifinyanga, akala. Akakata jingine, akala. Kisha akasema:

"Mulikatala kukula. Basi minakula miye. Kama iko sumu, mutaniona nakufa. Tangu mulisema niko mulozi, hakuna muntu anakula na miye. Sasa minapika kidogo. Sufuria kubwa niliiweka mbali."

Maneno ya sufuria sikuyaandika mimi.

 Nilimtazama yule mzee wa nyuma, mdomo wake ulikuwa wazi, hana cha kutangulia. Hakuna aliyejua kinachofuata, hata mimi. Mama Ngalula akaendelea kula hewa yake, mpaka Mama Béa akainuka, akaja akakaa sakafuni mkabala naye, akamwekea mtoto mapajani ili mkono wake uwe huru, akakata tonge kwenye sahani ambayo haikuwepo, na yeye akala.

Mimi nilibaki nimeshika waya.

Jumapili iliyofuata nilionyesha filimu na mwisho wake wa Lukafu, sauti nimeisikiliza kwa masikio yangu yote mawili. Tangu siku ile simwangushi mtu yeyote, na kabla filimu haijatoka nyumbani Mama Ngalula anakuja, anakaa karibu yangu, tunaitazama yote. Ubingwa wangu uko palepale. Nikipita sokoni bado wananiita, "Vieux, umechelewa," nami nawajibu kwamba ndiyo, lakini nimefika. Mama Ngalula hata hageuki, maana mara nyingi ana mtoto wa mtu mgongoni.