Kuku Aliyeacha Kudonoa

Siku ile kwa Mama Jerono naikumbuka mpaka harufu ya chumba chenyewe, mwanangu. Hebu weka hiyo simu mfukoni kidogo, kabla hujaenda kwenye hiyo kazi yako ya kuunda mashine, nikuambie kitu ambacho chuo hakikunifundisha.

Nilikuwa kijana kama wewe, nimepanga chumba huko Kesses, na kichwa kimejaa mimi mwenyewe. Mama Jerono alikuwa mjane wa Kapseret, rafiki ya mama yangu. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita bomani kwake kikawafagia kuku wake wote. Alichobaki nacho ni mayai tu, yale aliyookota kabla ya ugonjwa, akayaweka kwenye inkubeta, mashine ya kuangua, ili aanze upya. Kuku hao walikuwa mbegu aliyoachiwa na mama mkwe wake. Mayai yakiharibika, basi, imeisha.

Mashine hiyo mimi ndiye niliyeifungia bodi ndogo ya kompyuta, ya kupima joto na kuwasha au kuzima hita, na skrini isiyozidi kiganja. Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi mnateleza. Simu yako ina mfumo mkubwa ndani, unapanga madirisha, unafuta, unachora upya, na programu ikikwama unakuambia imekwama. Bodi ile haikuwa na kitu kama hicho. Kila nukta kwenye skrini niliichora mimi. Ukiandika namba pale, inakaa pale mpaka wewe mwenyewe uifute.

Nami nilitaka urembo, si unajua ujana! Nikachora kuku anayedonoa, kichwa chini, kichwa juu. Mwanzoni nilikuwa nafuta skrini nzima kila mara, picha ikawa inapepesa mpaka macho yanauma. Nikajifunza kufuta kichwa peke yake na zile namba za joto, nichore upya hapo tu. Ilipendeza, wacha nisikudanganye. Majirani walikuja kuangalia. Nikamwambia Mama Jerono kile kipima joto chake cha kioo akitoe ndani akiweke kabatini, skrini yangu inatosha. Akanitii, yule mama, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Ikafika siku ya kuangua. Mchana taa zilififia mara moja zikarudi, kama kawaida yetu mvua ikikaribia. Nilipoingia, vifaranga walikuwa wanalia ndani ya maganda. Skrini inasema thelathini na saba nukta tano, sawasawa kabisa. Mama amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine, uso unang'aa.

"Unawasikia?" akaniuliza. "Wanabisha hodi."

Nikacheka, nikamtazama kuku wangu. Kichwa kiko chini. Nikangoja kiinuke. Ndege ya abiria ikapita juu yetu ikienda kutua, mabati yakatetemeka, ikapotea, na kichwa bado kiko chini. Nikaweka kiganja kwenye kioo cha mlango, nikakitoa haraka.

"Mama, fungua. Humo ndani kunachoma!"

Akasimama, akaziba mlango kwa mgongo. "Haifunguliwi saa hii! Si ni wewe uliniambia? Unyevu ukitoka, kifaranga anakwama kwa ganda. Na mashine inasema iko sawa, angalia mwenyewe."

"Hiyo namba ni ya zamani, Mama."

"Ya zamani aje na iko hapo?"

Mwanangu, niliogopa. Programu yangu ilikuwa imeuliza joto, na waya wa kupimia haukujibu tangu zile taa zilipofifia, nayo ikabaki inangoja jibu, haichori kuku wala namba, huku hita imewashwa. Skrini haikujua lolote. Ilishika tu nilichoichorea mwisho. Na huyu mama anaamini mchoro wangu kuliko mkono wangu, kwa sababu nilimfundisha hivyo. Ile milio ndani ilikuwa inapungua.

"Inadanganya," nikasema. "Ni mimi nimeifanya idanganye. Tafadhali, Mama."

Akang'oa waya wa umeme kwenye soketi kwa hasira, akafungua mlango mwenyewe. Joto likatupiga usoni. Akakimbilia kabatini, akaleta kile kioo chake, na ule mstari mwekundu ukapanda ukapita arobaini. Tukapepea na leso yake, tukanyunyiza maji ya vuguvugu, tukasimama tunasikiliza. Kimya. Alikuwa anaomba kwa Kikalenjin, chini chini, na mimi sikuthubutu hata kusema amina. Mwishowe yai moja la nyuma kabisa likalia. Halafu lingine.

Waliotoka hawakufika nusu. Yale mengine aliyabeba kwenye karai akayazika nyuma ya nyumba, mimi nikichimba.

"Kiprop," akaniambia, "sikulaumu kwa mashine kukwama. Hata ng'ombe hukwama kwa matope. Nauliza kitu kimoja tu. Kama haikujua, kwa nini haikusema haijui? Ningetoa kioo changu niangalie mwenyewe."

Nikaendelea kufukia shimo.

Kwa hivyo, mwanangu, kabla ya kuchora kuku, chora kwanza alama ya kutojua. Waya usipojibu, usingoje milele: zima hita, futa ile namba, weka vistari mahali pake, na kengele ilie. Acha kitu kimoja kinachotembea kwenye skrini, na umwambie mwenye mashine waziwazi kwamba kikisimama, asikuamini tena. Kile kioo cha zamani kiache ndani. Na wewe mwenyewe, ukiulizwa usichokijua, usisimame mbele ya watu na jibu la jana limebandikwa usoni.

Wale vifaranga walipopata manyoya, Mama Jerono alikuja hapa Yamumbi na bodaboda, ameshika kapu. Ndani kulikuwa na mtetea mmoja. "Huyu mlee," akaniambia. "Huyu akinyamaza, utajua."

Kuku hao unaowasikia hapo nje ni wajukuu na vitukuu wa mtetea yule. Nenda kazini, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe na ulimi mwepesi wa kusema sijui, kabla mtu hajapoteza alichobaki nacho.