Kisanduku cha Mama Niko

Juzi jirani yangu hapa Mkolani alichemsha ngano, akaitia sukari na mdalasini, akaniletea bakuli zima. Mwenzenu nilishindwa kuila. Harufu ile iliponifika puani nikajikuta niko kisiwani, Nansio, nyuma ya nyumba ya Bibi, nina miaka tisa, na watu wazima wote wamenuna.

Mtanisamehe, mimi ni mtu wa kushuku. Sikuzaliwa hivyo, nililelewa hivyo. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa soko la Kirumba, na redio haichoki kutaja wawekezaji. Kila aliyekuwa amekalia mali ya mwenziwe alikuwa roho mkononi, na sisi tulikuwa tumekalia. Nyumba ya Bibi, ile ya mawe iliyo juu kidogo ya gati, ilijengwa na Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba. Babu alikuwa msimamizi wa ghala lake. Mali za Mgiriki zilipotaifishwa naye akaondoka na mkewe, Babu na Bibi wakahamia humo. Hati hawakuwa nayo, na Babu alipofariki alizikwa kwao Ukara.

Bibi alikuwa na msemo wake siku hizo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi likaja, tena nilisafiri nalo meli moja.

Nilikuwa nakwenda likizo kwa Bibi, nimefuatana na baba mdogo Deusi. Mbele yetu alikaa mwanamke wa kizungu, mzee, amevaa nguo nyeusi hadi vifundoni. Nilidhani ni sista, lakini sista gani hana rozari? Amepakata kisanduku cha bati, na hata alipokwenda chooni alikwenda nacho. Alipokifungua kutoa miwani nikachungulia. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, basi. Kisha muuza karanga akamsemesha kwa Kiingereza cha kuombea maji, naye akamjibu kwa Kiswahili cha Nansio kabisa, akambana bei mpaka kijana wa watu akacheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Mzungu anayejua bei ya karanga si mgeni.

Nilimnong'oneza baba mdogo. Naye akamtazama kwa muda, akasema huyo ni mke wa yule Mgiriki, kaja kudai nyumba. Meli ilipofunga gati tukapita njia ya mkato, tukamwahi Bibi.

Sasa lazima niwaeleze jambo. Kwetu kaburi ni hati. Mkigombania kiwanja, wazee hawaulizi karatasi kwanza, wanauliza nani kazikwa pale. Kwa hiyo swali la kwanza la baba mdogo lilikuwa kama Wagiriki wale waliwahi kuzika mtu hapo nyumbani. Bibi alikuwa anachambua dagaa. Alisema hapana, wala hakuinua uso.

Hodi ikapigwa. Bibi yangu, ambaye hata muuza mkaa alimpokea kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone," siku hiyo hakutoa hata kigoda. Yule mama akamwamkia kwa Kikerewe, akamwita Mama Paskali, jina la kifungua mimba wake, ambaye ndiye baba yangu. Bibi akaitikia kama anayemwona mtu kwa mara ya kwanza. Mgeni akatoa kwenye kikapu bakuli la ngano ya kuchemsha, inanukia mdalasini, akasema kwao ndicho chakula cha kuwakumbuka marehemu. Hakuna aliyeonja. Baba mdogo alinikonyeza, nami nikaelewa kwamba mle mna dawa, ingawa mate yalinitoka.

"Mama Paskali, sitaki nyumba," alisema. "Nimekuja kumchukua Niko."

Niko alikuwa mwanawe. Malaria ilimchukua akiwa na miaka mitatu, akazikwa nyuma ya jiko. Kwao, alieleza, miaka ikipita mifupa hutolewa, huoshwa kwa divai, huwekwa kwenye kisanduku, marehemu akakaa na ndugu zake. Nikakitazama kile kisanduku, nikasogea mbali nacho. Kwetu anayefukua mifupa ana jina lake, na halitajwi mbele ya watoto.

"Hapa hakuna kaburi, mama," Bibi akasema. "Pana muhogo."

Na kweli nyuma ya jiko palikuwa na matuta ya muhogo, bado mchanga. Yule mama akazunguka ua akipapasa kuta, anatafuta alama, nami nyuma yake kama mgambo. Akaomba achimbe kidogo tu. Baba mdogo akamwambia akigusa jembe ataita mwenyekiti wa kijiji. Akalia bila sauti, nami nikajiambia anajifanya. Alirudi gatini na kisanduku chake kitupu, na ile ngano baba mdogo akaimwaga chooni. Niliona tumeshinda. Bibi hakula siku hiyo, nikadhani ni hasira.

Hakuna aliyekuja tena kudai nyumba. Lakini Bibi hakutulia kamwe. Kila meli ikipiga honi alitoka barazani kuangalia nani anashuka.

Miaka mingi baadaye aliugua, tukamleta kwa baba hapa Mkolani. Baba mdogo akakaa kitandani kwake akimtuliza, kwamba siku ikifika tutamlaza kulekule Nansio, nyuma ya jiko, nyumba iwe yetu moja kwa moja na asitokee wa kutugusa.

"Msinipeleke kule," Bibi akasema. "Pale ni kwa Niko."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo. Kisha akatueleza yote: jinsi alivyomuogesha yule mtoto alipokuwa hai, akamuosha tena siku ya maziko, na jinsi uvumi wa wenye mali kurudi ulipoanza aling'oa msalaba kwa mikono yake akapanda muhogo. Iliniuma sana, na inaniuma. Maana kwa hesabu yetu sisi wenyewe, mtu anayeondoa mifupa ya mwanawe anaaga ardhi. Yule mama alikuja kutuachia ile nyumba, na sisi tukamfukuza.

Bibi tulimzika hapa Mkolani. Nyumba bado ipo Nansio, juu ya gati, na mwenyewe yumo.